Kamba ya Ulingo wa Uani

Hapa Vitongoji hakuna mtu ajuaye kujenga ulingo kunishinda mimi. Ulingo wangu wa kwanza ulidumu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ukaanguka na mimi juu yake, na sinia la maandazi juu yangu.

Wa pili tuliujenga mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya Iddi Kubwa, na tuliujenga kwa kisasi. Mjukuu wangu Kauthar, wa darasa la sita, alirudi skuli siku moja hataki kula. Alikuwa ameteleza kwenye matope mbele ya wenzake, na Khairiya, mtoto wa jirani yetu, akamwita Bata. Darasa zima likalipokea jina hilo.

"Bibi," akaniambia, "tujenge ulingo hapa uani. Juu wageni wakae wanywe kahawa, chini sie tucheze, na pembea iwe pembeni. Watoto wote waje, ila Khairiya achungulie tu."

Mtu mzima angemkanya. Lakini Bi Saada, mama yake Khairiya, aliwahi kusema harusini, mbele za watu, kwamba pilau langu lina mawe. Lilikuwa na jiwe moja tu. Nikamwambia Kauthar, "Pembea tuifunge upande wa kwao, aione vizuri."

Mwanangu Nyange, baba yake Kauthar, akakata miti, akasimamisha nguzo sita na kutandika mbao. Kamba ikawa kazi yetu, maana misumari huku kwetu huliwa na chumvi. Nikamtuma Kauthar pwani akafukue makumbi ya nazi tuliyoyafukia kwenye matope. Tuna mashimo mawili: la mbali lina miezi minane, na la karibu halijafika hata miwili.

"Fukua la mbali," nikamwambia. "Makumbi machanga hutoa kamba ya kukatika."

Akaleta usumba, nyuzi za makumbi aliyoyaponda. Nilipousokota, vidole viliniambia ni mgumu, sikuvisikiliza. Nilikuwa nasokota huku namfikiria Bi Saada.

Ijumaa jioni watoto wakajaa uani. Khairiya akasimama nyuma ya ua wa makuti, anatazama.

"Nafasi imejaa, mwenzangu," Kauthar akamwambia. Kisha akampandisha pembeani mdogo wake, Ummkulthum, wa miaka minne, akamsukuma juu, halafu juu zaidi, ili Khairiya aone. Kamba ikakatika. Mtoto akaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka.

Nyange akatoka mbio. "Nani kafanya hivi?"

"Khairiya," Kauthar akajibu, hata mate hakumeza. "Jana nilimuona na kisu hapa kwenye pembea."

Khairiya akalia, akaapa. Bi Saada, aliyekuja kwa makelele, akamshika mkono. "Leo utanitambua. Na siku zote nne za Iddi utakaa ndani."

Nikaiokota ile kamba. Ncha zake zilikuwa zimechanguka nyuzi nyuzi, na kisu hakikati hivyo.

"Bi Saada, fimbo haiozi," nikasema. "Ingoje mpaka kesho. Kwanza nataka kamba nyingine, na watoto hawa wawili watakwenda na mimi kufukua."

Asubuhi, maji ya bahari yalipotoka, tukashuka pwani. Shimo la mbali nililikuta limejaa, na mawe yake juu kama nilivyoyapanga mwenyewe. Nikayaondoa mawe. Wakafukua pamoja, hawasemezani.

Tuliporudi, Bi Saada akaziba pua kwa kanga. Nyange akahamia upande unaotoka upepo. Makumbi yaliyoiva hunuka mikononi siku tatu, na sabuni haisaidii kitu.

"Bi Saada," nikasema mbele ya wote, "kamba haikukatwa na mtu. Ilikuwa changa. Nami niliisokota nikijua, kwa haraka ya kukukomoa kwa lile neno la pilau. Aliyelipa ni Ummkulthum. Ndivyo kisasi kilivyo, humpiga aliye karibu, si uliyemkusudia. Nisamehe."

"Nishakusamehe. Nawe nisamehe," akasema. "Lakini mawe yalikuwamo."

"Jiwe."

Kisha akamfutia Khairiya adhabu. Khairiya akamtazama Kauthar. "Jina lile sitakwita tena," akasema. Nami nikatoa hukumu: kamba mpya ikishafungwa, wa kwanza kupanda pembea ni Khairiya.

Kisha nikamgeukia mjukuu wangu. "Siku ile ulifukua shimo lipi?"

"La mbali, bibi. Lile lile la leo."

"Ukanawa mikono?"

"Nikanawa, kwa sabuni."

"Na leo umenawa?"

"Mara tatu."

Nikamshika mkono, nikausogeza puani pake. "Basi niambie, mama. Siku ile tulikula sahani moja, mimi na weye na baba yako. Mbona hakuna aliyeziba pua?"

Kauthar akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Harufu haikufichika.