Kiti cha Mlengwa

Ile tovuti haikuuza kitu wala kutangaza chochote, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mwenye akili timamu aifunge. Lakini Bi Darubini alikuwa na akili ya mtu anayesifiwa kila siku. Kazi yake ilikuwa kutazama tovuti za watu na kusema zimemlenga nani. Hakuwahi kukosea, na alihakikisha kila mtu anajua.

Ofisini walikuwa wawili tu: yeye na mchoraji wa kurasa, kaka mpole mwenye miwani minene, anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Walikuwa na desturi yao. Wakishamtambua mlengwa, wanavuta kiti kitupu mezani na kumwambia, "Karibu ukae." Eti wasimsahau wakiwa kazini. Upuuzi mtupu, ila wateja waliupenda.

"Imetumwa na nani hii?" mchoraji aliuliza.

"Hakuandika jina. Anataka tumwambie ni ya nani, basi." Bi Darubini akasogea karibu na skrini. "Herufi kubwa, maneno mafupi: mtoto anayejifunza kusoma. Vitufe vyote kushoto: anatumia mkono wa kushoto. Rangi zimefifishwa, macho yake yanaumizwa na mwanga. Na kila picha ni ya mlango uliofungwa. Huyu humsubiri mtu, na mtu huyo huchelewa kurudi." Akavuta kiti kwa madaha. "Karibu ukae."

Mchoraji hakucheka. "Dada," alinong'ona, "huyo si mwanao?"

Kiti kikalalamika, kama kinavyofanya mtu akikikalia. Ofisi ikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

Mchuma janga hula na wa kwao. Walipofika nyumbani walimkuta yaya amesimama nje, hataki kuingia, na ndani mtoto ameketi wima kitandani, akicheka taratibu kwa sauti nzito isiyotoka kinywani mwake bali mahali fulani chini ya mbavu, huku ile harufu ikipanda ukutani na vidole vyake vya kushoto vikigonga ubao wa kitanda, vikinyamaza, vikigonga tena.

"Nimekaribishwa," ilisema sauti.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mkavu asiyebembeleza mtu. "Pepo aliyeituma hiyo tovuti ulimwita kwa sifa za mwanao, akaingia humo humo. Mgeni uliyemvutia kiti hafukuzwi, anahamishwa. Itengeneze upya hiyo tovuti, imlenge mwingine, kisha umkaribishe."

"Nitajilenga mimi," Bi Darubini alisema, na nadhani wakati ule alimaanisha.

Akafungua kompyuta kando ya kitanda. Mchoraji alikuwa amemshika mtoto miguu, akimwambia, "Vumilia, mjomba yupo." Bi Darubini akahamisha vitufe kulia, akachagua rangi anazozipenda yeye, kisha sauti ikacheka tena na akaiwazia ikiwa chini ya mbavu zake mwenyewe, ikigonga, ikinyamaza, ikigonga, maisha yake yote, na akaanza kuzikuza herufi, akazikuza tena, akaweka picha ya watu wanaocheka, akaongeza utani mmoja usiomalizika.

"Dada," mchoraji alisema polepole, "mbona herufi zinazidi kuwa kubwa? Wewe huvai miwani."

Bi Darubini hakumtazama hata usoni. Alivuta kiti na kusema, "Karibu ukae."

Mchoraji alivua miwani yake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Hakuwa akiihitaji tena. Akatoka mlangoni akicheka kwa ile sauti nzito, na mpaka leo mke wake anazunguka hospitali kumuulizia.

Mtoto akazinduka, mzima kabisa. Mama yake akamkumbatia kwa kilio, akamshukuru Mungu, akamshukuru mganga, kisha akamshika mashavu ili amwone vizuri.

Mtoto akavuta shuka, akajifunika uso.

"Usinitazame, mama," alisema. "Utamkaribisha tena."