Lori Dogo la Fanueli

Nyumba ya Fanueli hapa Malindi, kijiji chetu cha milimani Lushoto, ilikuwa tulivu. Nawaambieni mimi jirani yake, niliyekuwa nikiichungulia kila siku. Asubuhi yeye alikwenda kwenye kabichi zake, mkewe Sesilia akawasha moto, na binti yao Jenoveva, wa miaka sita, akaja kuniibia viazi. Nilijifanya sioni.

Miaka ile ya ruhusa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni Lushoto, Fanueli alinunua boksi. Ndani mlikuwa na vipande vya lori dogo, plastiki ngumu ya kumiminwa: magurudumu, bodi, hata vioo vya dereva. Kazi yake ni kupiga msasa, kuunga kwa gundi, kisha rangi.

"Baba Jeni," nikamuuliza, "likikamilika litabeba kabichi ngapi?"

"Bibi, hili ni la kutazama tu."

"Basi na kabichi zinazooza shambani tutazitazama."

Alicheka. Nami nikajiona hodari.

Alifanyia kazi chumbani wanamolala. Rangi mbichi ikiguswa na ukungu wetu huingia weupe, hivyo alifunga dirisha, akaziba nyufa kwa blanketi. Mle ndani mkabaki vumbi la msasa na harufu ya tina ya kuyeyushia rangi. Na Jenoveva alikuwa na pumu.

Sesilia alimhamishia jikoni, moshi wa kuni ukamrudisha chumbani.

"Baba Jeni, fungua dirisha. Mtoto anakoroma kifuani."

"Rangi ikauke kwanza. Nikifungua, wiki tatu zimepotea."

"Basi gari la mboga linashuka sasa hivi, tumpeleke hospitali."

"Tutapanda la kesho. Limebaki gurudumu moja."

La kesho tulipanda wote. Fanueli alimpakata mtoto, gundi iliyokauka ingali vidoleni. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya tatu Sesilia aliweka sikio kifuani mwa binti yake, akamwambia dereva ageuze.

Lile lori liko kabatini hadi leo. Milango yake inafunguka na kufungwa vizuri. Dirisha la chumba lilifunguliwa siku ya msiba.

MAFUNZO

Wazazi, sikatazi mtu kuwa na cha kuchezea. Lakini vumbi na tina visiingie anapolala mtoto, na mtoto akikosa pumzi, weka gundi chini saa ileile. Nawe jirani mwenye mizaha, fungua mlango wako kwanza. Nilikuwa na chumba kitupu, chenye madirisha mawili.