Shafti Iliyong'aa

Kila Jumamosi mimi hufagia karakana ya mama, naye kaka yangu hushika mashine ya kunolea. Mama ni fundi wa vyuma. Kaka tunamwita Mtanashati, maana jinsi anavyovienzi viatu vyake, utadhani amezaliwa navyo.

Juu ya jiwe la mashine mama ametundika kopo lenye tundu dogo. Maji ya sabuni yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia hudondoka tone kwa tone pale jiwe linapogusana na chuma. Ni kilainishi cha bei rahisi, lakini bila hicho chuma kigumu cha aloi hupata moto, kikaungua na kupasuka.

Siku hiyo Mtanashati alikuwa ananoa shafti, ule mhimili unaozungusha pampu, ya pampu ya maji ya zahanati. Wagonjwa hawakuwa na maji tangu jana yake. Matone yakamrukia viatuni. Unajua alifanya nini? Akaliziba kopo kwa kitambaa!

Nilipogeuka, shafti ilikuwa na doa la buluu.

"Umeiunguza!" nikamfokea.

"Punguza sauti." Alikuwa analisugua doa kwa msasa. "Ikishang'aa, nani atajua?"

"Mimi najua! Mwambie mama!"

"Ukinichongea, usiniite kaka tena."

Mara fundi wa pampu akaingia na mama, akainyanyua shafti. "Lo, inang'aa kweli! Hongera, kijana."

Na kaka, bila haya, akatabasamu!

"Imeungua, mama!" nikapiga kelele. "Aliziba kopo!"

"Mwongo huyu!" kaka akasema.

Mama aliipaka shafti mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, kisha akainyunyizia unga wa chaki. Tukasubiri. Taratibu mistari myembamba kama nywele ikajichora kwenye weupe. Mafuta yaliyoingia kwenye nyufa yalikuwa yanatoka.

"Mwongo nani?" mama akafoka. "Ungesema umekosea, ningekukaripia, tukaanza upya, yakaisha. Wewe umesimama hapo ukapokea hongera! Hii ingekatika mama wa watu akijifungua, bomba kavu, ungemwonyesha viatu?"

Kaka akachukua chuma kingine, akalizibua kopo, akaanza kunoa shafti mpya. Matone yakamlowesha viatu, hakusogeza mguu. Mama alipoipima, safari hii chaki ilibaki nyeupe tupu, na fundi wa pampu akaondoka mbio na shafti yake.

"Samahani, mdogo wangu," kaka akaniambia. Nilikuwa bado nimenuna.

Mama akampa kila mmoja wetu kitambaa cha kusafishia. "Kosa lisemeni likiwa bado karakanani," akasema. "Likishatoka mlangoni, anayeumia ni mtu asiyewajua."