Kikombe Chekundu cha Sekhonyana

Asubuhi ile maji yalikuwa yameganda kwenye ndoo. Mathabang alipika uji mchachu wa mtama. Mjukuu wake Lineo alipewa bakuli. Mumewe Sekhonyana alipewa kikombe chekundu, ambacho hakuna mwingine aliyekigusa.

"Umenitengea chombo kama mbwa," alisema Sekhonyana, akakohoa.

"Kunywa, Ntate," alisema Mathabang, yaani baba, kwa heshima ya kwetu. "Watu wasiseme."

Watu tulikwisha kusema. Mimi jirani yao nilikuwa wa kwanza. Mwanamume huyu alichimba dhahabu ya wenyewe miaka ishirini na miwili. Kifua kilipomshinda, mgodi ulimrudisha kwetu Lesotho na blanketi moja, bila hata karatasi ya daktari. Sijasahau. Lakini badala ya kuulaani mgodi, tulimcheka yeye.

Alikwisha kupimwa. Majibu yalisema hana kifua kikuu. Basi akaendelea kukohoa ndani, Lineo amelala ubavuni pake. Dirisha walikuwa wameliziba kwa magunia, baridi isiingie, nasi tusisikie.

Kisha Lineo naye akaanza kukohoa. Akakonda mpaka sketi ya shule ikawa inamvuka.

Ndipo Puseletso, mhudumu wa afya wa kijiji, akapiga hodi. Nikamfuata, nikasimama mlangoni kuchungulia. Puseletso alichukua kikombe chekundu, akanywa uji uliobaki. Mathabang akashika mdomo.

"Kikombe hakina kosa, Mme, mama yangu. Kifua kikuu hupita hewani, mgonjwa akikohoa. Kosa liko hapa." Akayang'oa magunia dirishani. Mwanga ukaingia.

Kisha akamgeukia mzee. "Ntate, siku ile ya kupimwa zahanati, ulitia nini kwenye kikopo ulichopewa?"

Sekhonyana alitazama miguu yake.

"Mate. Ya mdomoni tu. Foleni ilijaa wakwe zangu. Na huyu hapa," akaninyooshea kidole, "alisema nakohoa kama punda mzee. Wote wakacheka. Nikageukia ukuta, nikatema, nikaondoka."

Ningeweza kusema nilikuwa natania.

"Mate hayatuambii kitu," alisema Puseletso. "Tunataka makohozi, yatoke chini kifuani. Kesho ukiamka, sukutua kwa maji. Toka nje, penye hewa. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kwa nguvu. Na Lineo tunampeleka zahanati."

Safari hii majibu yalisema mzee anacho kifua kikuu. Lineo pia, mtoto wa miaka saba.

"Nimemuua," Sekhonyana alimwambia muuguzi.

"Hujamuua. Dawa zipo, ni za bure. Ila mkizikatisha mkijiona mmepona, ugonjwa utarudi mkali zaidi."

Hawakukatisha hata siku moja. Mathabang alipimwa, akakutwa mzima. Leo sketi inambana Lineo, na kikombe chekundu ni cha yeyote anayekiwahi.

Mwezi uliopita nikawa nakohoa mimi, wiki ya tatu mfululizo. Nikaenda zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, na wote walinijua. Nilipewa kikopo, nikatoka nacho uani. Nilitazama ukuta, mate yakanijaa mdomoni.

Sekhonyana alikuwa amekaa hapo, akisubiri kuonwa na muuguzi. Aliinuka, akavua blanketi lake, lile la mgodini, akalitandaza kwa mikono miwili kati yangu na watu. Yeye akanipa mgongo.

"Kohoa, jirani," alisema. "Kutoka chini kabisa. Hapa hacheki mtu."