Sikio la Marehemu

Bibi Dobi alifua nguo za watu tangu ujana wake. Sabuni na maji vilikuwa vimevikakamaza vidole vyake. Kila asubuhi, baada ya sala, alichukua kifaa kidogo cha kusikilizia akakisukuma ndani ya sikio la kulia. Kilikuwa cha mumewe, aliyefariki. Katika ukoo wao, kitu cha marehemu hakitupwi. Viatu alichukua shemeji, koti alichukua mpwa, na kifaa cha sikio akabaki nacho mjane.

"Mzee alikuwa akikizima nikianza kumgombeza," aliwaambia majirani huku akicheka. "Sasa nimerithi mimi. Nimzime nani?"

Binti yake alishona sare kiwandani. Akienda kazini, alimwachia mama yake mtoto wake wa kike, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kuongea.

Siku moja Bibi alikuwa uani akisuuza mashuka, ameipa nyumba mgongo. Ndani, mtoto alivuta birika lililokuwa jikoni. Maji ya moto yakammwagikia mkono na kifua. Mtoto akapiga mayowe. Bibi akaendelea kusuuza.

Jirani yao, fundi viatu, ndiye aliyesikia, ng'ambo ya ukuta. Alikuja mbio, akampita Bibi pale pale uani. Ndipo Bibi alipogeuka. Fundi alitoka ndani amembeba mtoto, akawa anammwagia maji ya bomba bila kuacha.

Hospitalini, binti hakugomba. Afadhali angegomba.

"Mama, ulikuwa umevaa kifaa?" aliuliza, mdomo karibu na sikio la mama yake.

"Nilikivaa, mwanangu. Mungu ananiona."

"Na hukumsikia?"

"Sikumsikia."

"Basi nisamehe, mama. Sitakuachia tena mtoto."

Usiku ule Bibi alipiga magoti. Akasema: "Mungu wangu, kila siku nakuomba unisikie. Mimi nimeshindwa kumsikia mtoto."

Kesho yake fundi viatu alikuja kuwajulia hali. Alikitazama kile kifaa.

"Bibi, nani alikupima?"

"Kupimwa kwa nini, na kifaa kipo?"

"Mtu akiniletea kiatu cha marehemu, humwambia: mguu ni wako, na kidonda kitakuwa chako. Hospitalini kuna mpima masikio. Nenda."

Bibi akaenda na binti yake. Mpima masikio alikuwa mama mpole, mwenye kusema polepole huku akimtazama mtu usoni. Alichungulia masikio yote mawili, akatoa nta. Kisha akakifungua kile kifaa.

"Bibi, betri imekufa. Tangu lini?"

Bibi alitazama sakafu. "Sijui. Vidole vyangu haviwezi kuibadilisha. Niliona aibu kuomba."

"Kifaa kisicho na betri ni kizibo tu. Tena hiki kilichongwa kwa sikio la mumeo na kupangwa kwa usikivu wake. Hata kingewaka, kisingekufaa."

Alimwingiza Bibi katika chumba kidogo kisicho na kelele, akamvisha vipokea sauti. "Ukisikia mlio, hata ukiwa hafifu, inua mkono." Mara nyingi mkono haukuinuka.

"Usikivu wa masikio yote mawili umepungua," alisema mpima. "Sauti nzito unazipata. Nyembamba zinakupita, kama za watoto. Niambie, unataka kumsikia nani zaidi?"

"Mjukuu wangu."

"Basi mpe kifaa kile kidogo kabisa, kisichoonekana," alisema binti.

Mpima alimpa Bibi betri ya kifaa hicho, ndogo kama punje. Ikamwanguka. Akaiokota, ikamwanguka tena.

"Nipe kikubwa," alisema Bibi. "Mtu akikiona, ajue nasikia."

Wakachagua vifaa viwili vya kukaa nyuma ya masikio, vyenye kuchajiwa kama simu. Mpima alivipanga kufuata vipimo vya Bibi, akamvisha.

"Havitakurudishia masikio ya ujana," alionya. "Mwanzoni sufuria zitagonga kama radi. Vaa saa chache, uongeze siku hadi siku. Vijaribu nyumbani, uani, sokoni. Vikipiga filimbi au kukuumiza, rudi turekebishe. Vivue ukioga. Na birika liwekwe mbali. Kifaa husikia tu, hakimzuii mtoto."

Wakati huo, chumba cha pili, muuguzi alikuwa akibadilisha bendeji ya mtoto. Kilio kikapita ukutani. Bibi alisimama ghafla, akashika ukingo wa meza.

"Siku ile alilia hivi?"

Binti alijibu, "Fundi viatu alisema alilia zaidi."

Bibi hakuvua vifaa. Alisikiliza kilio chote mpaka mwisho.

Majuma yalipita. Fundi viatu alipigilia kilango cha mbao mbele ya jiko. Bibi alirudi mara mbili kwa mpima kurekebishiwa sauti. Kifaa cha marehemu alikifunga kwenye leso, akakiweka pamoja na picha yake. Kovu la mtoto lilibaki.

Asubuhi moja binti alikubali kumwachia tena mtoto. Aliinama mlangoni akifunga viatu, mgongo kwa mama yake. Kwa sauti ya chini, akasema, "Bado amelala. Dawa ya kovu iko juu ya kabati."

"Nimesikia," alijibu Bibi. "Nitampaka taratibu."

Binti aligeuka, akamtazama kwa muda. Kisha akaenda kazini.

Bibi alitoa beseni uani. Safari hii aliketi ameuelekea mlango. Alikuwa hajamaliza shuka la kwanza mtoto alipokohoa ndani, kikohozi kidogo tu. Bibi akaliacha shuka majini, akaenda.