Folda Yenye Jina la Mama

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kumalizwa kabla ya adhana ya Magharibi. Mwalimu Steven, mwenye duka, alipiga simu akasema kompyuta imejaa. Nahla afute folda za wateja wa mwaka jana, kisha afunge aende zake.

Lilikuwa duka la steshenari, pale Konde. Watu walikuja kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na kuandikiwa barua za maombi. Mwalimu alikuwa na duka jingine Wete, na kompyuta za maduka hayo mawili zilifungwa pamoja kwa programu ya kusinki. Faili ukiliweka Konde, Wete linatokea. Ukilifuta Wete, Konde linaondoka. Simu ya Nahla nayo ilikuwa imeunganishwa humo humo, kwa ajili ya picha walizomtumia wateja.

Wete alikaa Shamima. Huyu alikuwa zaidi ya shoga. Walisoma dawati moja mpaka kidato cha tatu, Nahla alipoacha shule kumuuguza mama yake kifua. Shamima akamaliza, akaolewa, akapata kazi kwa Mwalimu Steven, na hakutulia mpaka Nahla naye akapata. Kila alichokijua Nahla kwenye kompyuta, Shamima ndiye aliyemfundisha kwa simu, bila kuchoka, huku akimtania kwamba mausi haiumi.

Nahla akaanza kufuta. Rajab Safari Nyange. Ikaondoka. Damian Steven Damian. Ikaondoka. Kila folda ilikuwa na jina la mteja, la baba yake na la babu yake, kama fomu za serikali zinavyotaka.

Halafu akaiona moja peke yake, chini kabisa.

Nahla binti Mwanawema.

Akaondoa mkono kwenye mausi.

Shuleni, hospitali, kwenye kitambulisho, mtu huandikwa kwa baba yake. Jina la mtu na la mama yake huandikwa mahali pamoja tu: kwa mganga, anapopiga hesabu ya nyota. Anayetaka kukufikia, kwa heri au kwa shari, huanza kwa tumbo lililokuzaa.

Na hilo la Mwanawema halikuwa jina la kuokota njiani. Mama yake alizaliwa baada ya ndugu wanne kuzikwa, na bibi akamwita Kijakazi ili mauti yamdharau yampite. Kijijini kwao Makangale wote walimjua kwa jina hilo, Bi Kijakazi. Jina la kweli lilifichwa. Bibi alilijua, naye ameshakufa. Mama mwenyewe alilijua. Nahla aliambiwa siku alipovunja ungo.

Na Nahla alimwambia mtu mmoja tu duniani. Mchana mmoja wa mvua, kidato cha pili, walipokuwa wakipeana siri. Shamima aliapa kwa macho yake mawili.

Nahla hakutaka hata kuliwaza. Akajiambia labda ni yeye mwenyewe aliyeiandika kwa usingizi. Akabonyeza kufuta.

Folda haikwenda.

Maneno ya Kiingereza yakatokea, na haya aliweza kuyasoma: folda haiwezi kufutwa kwa sababu si tupu. Akaifungua. Ilikuwa tupu. Nyeupe pe, hamna kitu. Akaifunga, akafuta tena.

Si tupu.

Feni ya kompyuta ikaongeza kasi. Ikatoa pumzi ya moto, na ndani ya pumzi ile mlikuwa na harufu... Nahla akageuza uso. Aliijua. Kila aliyewahi kuingia chumba cha kuoshea maiti anaijua. Kafuri, na majani ya mkunazi.

Hapo akakumbuka mambo ya wiki ile, madogo madogo aliyoyapuuza. Bi Hija, muuza chapati wa mlango wa pili, alimsalimia kila mtu barazani akamruka yeye, kisha akashtuka kama aliyeamshwa. Mteja mmoja alisimama mbele yake akauliza, "Humu dukani hamna mtu?" Na kila jioni, karibu na wakati huu, moyo wake ulikuwa ukikosa pigo moja. Moja tu. Kisha unarudi.

Akampigia Shamima. Angempigia nani mwingine?

Shamima alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Nahla akamweleza kwamba kuna folda imegoma kufutika. Hakutaja jina lake. Shamima naye hakuliuliza.

"Usihangaike, mwana weye," Shamima akasema, kwa sauti yake ile ile ya kufundisha. "Mna faili lililofichwa ndani. Nenda pale juu, uiambie ionyeshe vilivyofichwa. Kisha ufute lile kwanza, halafu folda. Itaondoka."

"Weye huko huwezi kuifuta? Si tumeunganishwa?"

"Huku haikubali."

Kama huko haikubali, basi Shamima amekwisha kujaribu.

Akaiweka simu juu ya meza, sauti wazi, akafungua daftari la programu, pale inapoandika yenyewe kila lililofanyika. Shamima ndiye aliyemfundisha kulisoma. Mistari ikashuka.

Folda imeundwa: kompyuta ya Wete. Jumatano.

Amri ya kufuta kutoka Wete. Jumatano, saa kumi na mbili na robo jioni. Imeshindikana, folda si tupu.

Amri ya kufuta kutoka Wete. Alhamisi, saa kumi na mbili na robo. Imeshindikana.

Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Saa ile ile moyo wake unapokosa pigo.

Leo ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi.

"Umeliona?" Shamima akauliza kutoka mezani. "Faili umeliona?"

Nahla akabonyeza. Onyesha vilivyofichwa.

Likatokea moja. Lilikuwa faili la sauti, sekunde arobaini.

Nahla akalijua kwa tarehe yake: ujumbe wa mama yake, wa jioni hii. Mama yake hakujua kuandika meseji. Kila jioni huko Makangale alibonyeza kitufe cha kipaza sauti, akamsomea mwanawe Ayatul Kursiyyu na zile sura tatu za Kuli, za kinga, kisha akapuliza simu kama ampuliziavyo mtoto kichwani. Fuu. Nahla aliona haya wasije watu wa Wete wakamsikia mama yake akipuliza simu. Kwa hiyo wiki ya kwanza kazini aliiambia programu iyaache mafaili hayo, isiyapeleke popote wala isiyaguse.

Lakini yeye aliyaacha kwenye simu yake. Mle ndani ya folda ile hakuwahi kutia kitu. Nani alilitia? Mpaka leo hajui.

Akalifungua.

Sauti ya mama ikajaa dukani, nzito, ya kifua kibovu, ikisoma. Harufu ya kafuri ikapungua. Feni ikatulia. Mwisho ikaja ile pumzi.

Fuu.

Upande wa pili wa simu, Shamima akaguna kama mtu aliyeunguzwa.

"Shamima," Nahla akasema. "Folda hii umeiunda weye."

Mbali, nyuma ya Shamima, kulikuwa na watu wengine. Hawakusema. Walikuwa wakivuta pumzi kwa pamoja, taratibu, kama watu waliojipanga safu.

"Lifute, shoga yangu," Shamima akanong'ona. "Lazima iwe kwa mkono wako. Mkono wa mwingine haukubali."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu." Alikuwa akilia. "Tumbo langu, Nahla. Hili la tatu. Mawili yametoka, nawe ulinishika mkono. Wameniambia hili watanilindia, kama..."

Hakumaliza. Kompyuta ikamulika maandishi mapya, yenyewe.

Amri ya kufuta kutoka Wete.

Moyo wa Nahla ukasimama.

Si pigo moja. Akaona meza ikisogea mbali, akasikia mtu akilitaja jina la mama yake, lile la kweli, kwa kinywa alichokuwa akigawana nacho muhogo wa kuchoma. Akakiwahi kitufe. Si cha kufuta. Sauti ya mama ikaanza upya, na kwa mbali ikachanganyika na adhana ya msikiti wa pale sokoni.

Imeshindikana. Folda si tupu.

Pumzi ikamrudia. Simu ilikuwa imekatika.

Kulipokucha hakufuta kitu. Aliiwasha tu kompyuta, na chini ya folda yake akaikuta nyingine mpya. Haikuwa na jina la mbele. Iliandikwa: mwana wa Shamima.

Nahla alikuwa angali akiisoma ilipoondoka. Haikugoma. Haikuandika kosa lolote. Ndani yake hamkuwa na kitu, kwani nani angekuwa amewahi kumpulizia?

Saa tatu Mwalimu Steven alipiga simu kwa masikitiko. Alisema Shamima amejifungua miezi saba haijatimia, na mtoto hakulia.

Nahla alifunga duka akaenda Makangale. Akamweleza mama yake yote, hata lile la kuitoa siri ya jina. Alitarajia kugombwa. Bi Kijakazi akapapasa ukindu wa mkeka wake, akauliza jambo moja tu.

"Mlikuwa mkipendana?"

"Sana, mama."

"Basi. Chama cha wachawi hakipokei kafara la adui, mwanangu. Adui wa kumpa nini? Mtu huulizwa, nani umpendaye."

Hilo ndilo linalomla Nahla mpaka leo. Kama Shamima angemchukia, angelia yakamwisha. Lakini Shamima aliulizwa akamtaja yeye, na akasema kweli.

Shamima alirudi kazini baada ya arubaini. Watu wa Wete wanasema ni mzima, anahudumia wateja, anajibu salamu. Mwalimu Steven hajui kitu. Nahla amemwomba asiifute folda ile, akasema ina kazi ya mtu.

Na kila jioni, saa kumi na mbili na robo, simu inaita. Nahla hupokea. Akiacha kupokea, moyo unakosa pigo.

"Ile folda bado ipo?"

Sauti ni ya Shamima. Lakini hata ukitega sikio vipi, husikii akivuta pumzi.

Nahla huifungua folda. Huubonyeza ujumbe wa siku hiyo, kwa sababu kila jioni wa jana huwa haumo na wa leo umo, na hakuna aliyeutia. Husikiliza mama yake akisoma. Siku hizi hukatishwa na kikohozi katikati ya aya, akaanza tena. Mwisho hupuliza, na pumzi ile kila siku ni fupi kuliko ya jana.

"Ipo," Nahla hujibu.

"Haya, shoga yangu," Shamima husema, kwa upole ule ule wa zamani. "N'tapiga kesho."