Jina Mwanzoni mwa Mstari

Kila Jumamosi asubuhi, Safiya alifungua chumba cha kompyuta cha shule yao mjini Machakos, akapangusa meza, kisha akapangusa kiti cha marehemu Mwalimu Nzuki. Hakuna aliyependa kukikalia.

Mwalimu Nzuki ndiye aliyewafundisha ssh, amri inayokuwezesha kufanya kazi ndani ya kompyuta ya mbali kama umeketi mbele yake, na scp, ya kutuma faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kila mara aliwaambia, "Soma jina mwanzoni mwa mstari unaoandika. Litakuambia uko kwenye mashine ya nani."

Siku hiyo mpiga chapa wa Athi River alikuwa akingoja jarida la shule. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Mwalimu Nzuki. Safiya alituma kurasa zote kumi na mbili, akaingia kwenye kompyuta ya Athi River kwa ssh, akaziona zimefika. Ilibaki kufuta nakala za shuleni, kwa kuwa mashine ilikuwa imejaa.

"Profesa, maliza basi," Mudi, mwanafunzi mwenzake, alimwita mlangoni. "Mandazi yanapoa."

Safiya aliandika amri ya kufuta, akabonyeza, akatoka.

Waliporudi, Mwalimu Mueni, msimamizi wa jarida, alikuwa kwenye simu, uso umekunjamana. "Kurasa hazionekani," alisema alipoiweka chini. "Mwenye kiwanda cha chapa anasema kijana wake wa kazi, Erastus, amezifuta. Anamfukuza kazi leo."

Safiya aliinama kwenye kioo cha kompyuta. Mwanzoni mwa mstari palikuwa na jina la mashine ya Athi River. Hakuwa ametoka huko. Alikuwa amefuta kurasa za mpiga chapa, na zile za shuleni zilikuwa bado zipo.

Mudi naye aliona. "Zitume tena, unyamaze," alinong'ona. "Nani atajua?"

Safiya alikitazama kile kiti.

"Mwalimu, ni mimi niliyezifuta. Erastus hana kosa. Naomba nimwambie mwenyewe mwenye kiwanda."

Mwalimu Mueni akampa simu. Safiya alieleza yote. Baadaye akaandika exit, amri ya kutoka kwenye mashine ya mbali, akasoma jina la mashine ya shule, akalisoma tena, ndipo akatuma kurasa upya.

Simu ililia. Alikuwa Erastus. "Zimefika, dada. Kumi na mbili. Na mwalimu wenu anacheka hapa ukurasa wa kwanza." Kisha akaongeza, "Nimerudishwa kazini, kwenye mashine yangu. Asante."

Mwalimu Mueni alikivuta kiti cha Mwalimu Nzuki hadi mbele ya kompyuta. "Kaa hapa," alisema. "Kurasa umezirudisha kwa dakika tano, Safiya. Kama ungenyamaza, kazi ya Erastus na jina lake visingerudi. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako. Nzuki angejivunia mwanafunzi kama wewe, na mimi najivunia."

Safiya alikaa.